Évora, Muji wa Kale wa Ureno: Bei ya Chumba Si Bei ya Safari



Jamaa nyingi katika miji yetu ya mine ziko na mutoto, ndugu ao shemeji anayeishi Ulaya. Siku moja simu inalia: «Baba, mama, kujeni mutuone mbele wajukuu hawajakuwa wakubwa.» Kijana mwingine anaitwa kwa masomo ao kwa mukutano. Furaha inajaa nyumba, na kisha furaha kunakuja ulizo: tutalala wapi, na feza zitatosha?

Ulizo hili si dogo. Feza za safari ya namna hii mara nyingi si za mutu mumoja. Ni akiba ya baba, ni mbuzi waliouzwa, ni muchango wa wajomba na mashangazi. Zikipotea kwa haraka, jamaa nzima inaumia. Kwa hiyo niwapeleke leo katika muji mumoja mudogo wa kale, unaoitwa Évora, katika inchi ya Ureno, ile tuliyozoea kuita Portugal. Nililala kule usiku tatu, katika mwezi wa tatu, pamoja na mudogo wangu anayeishi Ubelgiji, bibi yake na watoto wao wawili. Tulikuwa na feza kidogo, na zilitosha. Napenda kueleza namna gani.

MUJI WENYEWE

Évora iko kilometa karibu 130 upande wa mashariki wa Lisbon, katika jimbo la Alentejo. Ni inchi ya tambarare, ya miti ya zeituni na ya ile miti inayotoa koki za chupa. Muji wa kale umezungukwa na ukuta wa mawe. Ndani ya ukuta nyumba ni nyeupe, barabara ni nyembamba, na mutu mwenye miguu mizima anafika pahali pote bila kulipa gari. Tangu mwaka 1986 muji huu uko katika liste ya UNESCO ya urizi wa dunia.

Katikati kuko hekalu la Waroma, la karne ya kwanza. Nguzo zake 14 zingali zimesimama. Watu wa kale hawakulibomoa, walilitumia. Kwa miaka mingi lilikuwa pahali pa kuuzia nyama, mpaka mwaka 1836. Kulitazama ni bure, muchana na usiku. Hatua chache kutoka pale kuko kanisa kubwa la askofu, lililoanzwa kujengwa mwaka 1186. Ukilipa tiketi unaweza kupanda mpaka juu ya paa na kuona inchi yote ya Alentejo. Chini kidogo kuko kanisa la Mtakatifu Fransisko, pamoja na chumba ambacho kuta zake zimejaa mifupa ya watu, maelfu kwa maelfu. Juu ya mulango wameandika neno la kukumbusha mugeni kwamba mifupa ile inangojea yake. Watoto wa mudogo wangu waliingia wakicheka, walitoka wakinyamaza.

Upande wa kaskazini kuko mufereji wa maji uliojengwa juu ya matao, tangu mwaka 1531 mpaka 1537. Ulijengwa kwa kuleta maji kutoka mbali, kilometa karibu 18. Pale unapoingia mujini, watu wamejenga nyumba na butike chini ya matao, mutu anaishi katikati ya nguzo mbili. Na hapa, wapendwa, kuko jambo linalotuhusu. Aliyeamuru mufereji ule ujengwe ni mufalme João III. Ni yeye ambaye mufalme Afonso wa Kongo, kule upande wa magaribi wa inchi yetu na Angola ya leo, alimwandikia mwaka 1526. Afonso alilalamika kwamba wafanya biashara wanakamata watu wake, hata wana wa wakubwa na jamaa yake mwenyewe, na kuwauza. Barua ile ingali inahifadhiwa mpaka leo. Mutoto wa Kongo anayesimama chini ya matao yale aelezwe habari hii. Uzuri wa jiwe asiunyime sifa, lakini ajue pia mufalme wa jiwe lile aliandikiwa nini na babu zetu.

WAKATI GANI WA KWENDA

Mutu wa kwanza anayepanga bei ya chumba ni kalenda. Katika mwezi wa saba na wa nane Alentejo ni tanuru: joto linapita digri 35, na kuko siku linafika 40. Mwisho wa mwezi wa sita kuko sikukuu kubwa ya Mtakatifu Yoane, na vyumba vinajaa. Miezi mizuri kwa mwenye feza kidogo ni wa tatu, wa ine, wa kumi na wa kumi na moja. Katika baridi kali, mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili, bei inashuka zaidi. Lakini nyumba za kale zenye kuta nene zinashika baridi sawa kisima. Kama unakwenda wakati huo, uliza hivi: «Chumba kiko na mashini ya kutia moto?» Usiogope kuuliza. Mama muzee anayekohoa usiku tatu atakula feza ya daktari kuliko ile uliyookoa.

Siku za juma pia ziko na bei. Usiku wa siku ya tano na wa siku ya posho watu wa Lisbon wanakuja kupumzika, bei inapanda. Ukilala siku ya pili mpaka siku ya ine, mara nyingi utalipa kidogo. Ila ujue kwamba makumbusho mengi ya Ureno yanafungwa siku ya kwanza, yaani lundi. Na kwa mwaka 2027 Évora imechaguliwa kuwa Muji Mukuu wa Utamaduni wa Ulaya. Anayetaka kulala kule katika mwaka ule ashike chumba mapema sana.

MAJINA YANAYODANGANYA

Mugeni anapashwa kujua majina ya nyumba za kulala, sababu jina moja linaweza kumaliza feza zote. «Pousada» ni hoteli ya bei kali, mara nyingi ndani ya jengo la kale. Ile ya Évora iko ndani ya nyumba ya watawa ya zamani, kando ya hekalu la Waroma. Ni nzuri kutazama kutoka inje. Lakini «pousada de juventude» ni kitu kingine kabisa: ni nyumba ya vijana, ya bei rahisi, na iko katika miji mingi ya Ureno. Kijana akichanganya majina haya mawili, atapata mushangao mbele ya mulango.

Kuko tena nyumba ndogo za watu binafsi, zenye kibao cha herufi AL kwenye ukuta. Maana yake, wenye nyumba wameandikishwa na serikali kupokea wageni. Zamani ziliitwa «pensão» ao «residencial», na majina yale ungeyaona bado kwenye milango fulani. Kwa jamaa yenye watoto, mara nyingi ni hizi zinazofaa: chumba cha vitanda vine, pengine na jiko kidogo. Vijana wawili ao watatu wanaweza kulala katika «hostel», kitanda kwa kitanda, choo kwa wote. Binti zetu wanaweza kuomba chumba cha wanawake peke yao.

Kila nyumba ya kulala katika Ureno inapashwa kuwa na kitabu cha malalamiko. Sheria inaamuru. Ukidhulumiwa, usipige kelele. Omba kitabu kile kwa sauti ya utulivu, na mara nyingi mambo yanatengenezwa mbele ya kalamu kugusa karatasi.

HESABU YENYEWE

Sasa tufike kwenye kiini. Wengi wanatafuta chumba cha bei ndogo kuliko vyote, wanafurahi, wanafunga mambo. Lakini bei ya chumba si bei ya safari. Nachukua mufano tu, kwa kufundisha hesabu. Bei za kweli utaziuliza mwenyewe.

Jamaa ya watu wane wanataka usiku tatu. Nyumba ya kwanza iko ndani ya ukuta: euro 80 kwa usiku, na chakula cha asubuhi. Jumla euro 240. Nyumba ya pili iko kilometa ine inje ya muji: euro 60 kwa usiku, bila chakula. Jumla euro 180. Utasema, «Nimeokoa euro 60.» Ngoja kwanza. Chakula cha asubuhi cha inje, euro 4 kwa mutu, watu wane, asubuhi tatu: euro 48. Taksi siku ya kufika na siku ya kuondoka, na kwenda na kurudi katika siku mbili za katikati: safari sita. Kama kila moja ni euro 7, ni euro 42. Chumba cha euro 180 kimekuwa cha euro 270! Kimepita kile cha ndani kwa euro 30. Tena muchana, jua linapokuwa kali, wa ndani ya ukuta wanarudi kupumzisha watoto. Wa inje wanabaki kukaa kwenye meza ya kafe wakinunua maji.

Sisi tulifanya hesabu hii kwenye karatasi, jikoni kwa mudogo wangu. Tukachukua nyumba ya AL ndani ya ukuta, dakika chache kutoka uwanja mukubwa unaoitwa Praça do Giraldo. Garé ya treni iko karibu kilometa moja kutoka ukuta. Tulitembea kwa miguu na mizigo yetu. Nyumba nyingine tuliyoiacha iliandika «karibu na katikati», lakini kwenye karte ilikuwa mbali, kando ya barabara kubwa. Kwa hiyo usisome neno «karibu». Soma karte, hesabu dakika.

Mama mwenye nyumba alitupokea kwa Kifaransa. Jambo hili litafurahisha wasomaji wetu: katika miaka ya 1960 na 1970 Wareno wengi sana walikwenda kufanya kazi Ufaransa, na wazee wengi wangali wanasema lugha ile. Aliniuliza tunatoka wapi. Nikamwambia, inchi ya shaba. Akatikisa kichwa akasema:

— Baba yangu alikata marumaru kule Borba, miaka makumi tatu. Najua mikono ya watu wa mawe.

Ni kweli kwamba Alentejo ni inchi ya mawe na ya mine kama kwetu. Estremoz, Borba na Vila Viçosa wanachimba marumaru. Upande wa kusini, Neves-Corvo, wanachimba shaba chini ya udongo tangu mwisho wa miaka ya 1980. Tukazungumza muda mrefu juu ya vumbi na kifua, juu ya baba wanaorudi usiku. Katika hoteli kubwa nisingepata mazungumzo yale, hata kama ningelipa mara tatu.

MBELE YA KUSHIKA CHUMBA, ULIZA HAYA

Bei ni ya chumba ao ya kila mutu? Choo na bafu ni vya ndani ao vya wote? Ngazi ni ngapi? Nyumba za kale hazina lifti, na tate mwenye magoti hawezi kupanda orofa tatu. Watoto wanalipa? Chakula cha asubuhi kimo? Tena, kuko kodi ya mugeni? Miji mingi ya Ureno inatoza kodi hii kila usiku. Lisbon, ambako wengi wanalala usiku wa kwanza, inatoza euro 4 kwa mutu kwa usiku tangu mwezi wa tisa wa mwaka 2024. Watoto chini ya miaka 13 hawalipi. Jamaa ya watu wazima watano itasikia uzito wake.

Ulizo la mwisho ni kubwa kuliko yote: nikifuta, feza zangu zinarudi? Vyumba vya bei ndogo kabisa mara nyingi ni vile ambavyo feza hairudi. Kwa mutu aliye na karatasi zake tayari, ni sawa. Kwa mutu anayengojea viza, ni kutupa akiba katika shimo. Chagua chumba kinachoweza kufutwa bila malipo, hata kama kinazidi kwa euro chache.

KUFIKA NA KULA

Kutoka Lisbon kuko treni na bisi. Zote zinachukua karibu saa moja na nusu. Treni si nyingi kwa siku, basi angalia saa zake mbele. Tiketi ya treni ikinunuliwa siku nyingi mbele, bei inapunguka. Watoto wa miaka 4 mpaka 12 wanalipa nusu, na wazee wa miaka 65 na zaidi vilevile. Watakuomba paspoti kuhakikisha. Bisi zinaondoka Sete Rios, kando ya kituo cha metro.

Kwa chakula, jua neno «prato do dia», yaani sahani ya siku. Ni chakula cha muchana cha wafanyakazi, kingi na cha bei ya kufaa. Neno la pili ni «meia dose», nusu ya sahani. Inashibisha mutu mumoja. Sahani nzima mara nyingi inatosha wawili. Na uangalie sana: ukikaa tu, wanaleta mukate, zeituni na jibini mbele hujaagiza. Si zawadi. Ukila, utalipa. Ukisema «hapana, asante», wataondoa, na sheria iko upande wako. Maji ya robine ni safi, usinunue chupa kila saa.

Watu wa Alentejo walikuwa maskini wa mashamba, na chakula chao kinaonyesha hivyo. «Açorda» ni mukate wa jana, vitunguu saumu, majani ya kuleta harufu, mafuta ya zeituni, yai na maji ya moto. Ni kitamu na ni rahisi. Nyumba yetu ilikuwa na jiko, na shemeji alipata unga wa muhindi dukani. Usiku wa pili tulikula bukari na samaki chini ya paa la Wareno, na mama mwenye nyumba akaonja.

KARATASI

Mutu mwenye karatasi ya kukaa ya Ubelgiji ao Ufaransa anaingia Ureno bila viza nyingine. Anayetoka Kongo anahitaji viza ya Schengen, na anaiomba kwa inchi ambako atakaa siku nyingi zaidi. Tangu mwezi wa sita wa mwaka 2024 malipo yake ni euro 90 kwa mutu mukubwa, 45 kwa mutoto wa miaka 6 mpaka 11, na bure kwa wadogo zaidi. Wanaomba asiransi ya safari ya euro 30.000, ushuhuda wa feza, na ushuhuda wa pahali pa kulala. Unaweza kuomba tangu miezi sita mbele, wala usingoje siku kumi na tano za mwisho.

Ni hapa wengi wanaanguka. Kuko watu wanaouza karatasi za hoteli za uongo, «kwa ajili ya dosye tu». Ubalozi unaweza kupigia hoteli simu. Karatasi ya uongo ni sababu ya kunyimwa viza, na malipo hayarudi. Chumba cha kweli kinachoweza kufutwa hakikugharimu kitu, na majina ndani yake ni yale ya paspoti, herufi kwa herufi. Basi kwa nini ununue uongo? Chukueni pia paspoti za wote mpaka mulangoni pa nyumba, sababu mwenye nyumba anapashwa kuandikisha kila mugeni wa inchi nyingine.

Jamaa ya mine inajua kupima mbele ya kuchimba. Hakuna anayeshuka shimoni kwa sababu tu mulango wake uko karibu. Tufanye vile kwa safari. Mutu wa feza kidogo hakatazwi kuona nguzo za Waroma; anakatazwa paka haraka.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika safari yetu ya mwisho, hata ya Likasi ao Kolwezi, ni gharama gani tulisahau kuhesabu?
2. Nani katika jamaa yetu ana magoti, kifua ao umri unaoweza kubadilisha chumba tunachochagua?
3. Kama feza ni za wote, nani ataandika hesabu, na nani atasomewa hesabu hiyo wakati wa kurudi?
4. Tutawaeleza watoto nini juu ya barua ya mufalme Afonso ya mwaka 1526?